Kitenzi cha Kiunoni

Asubuhi ya kwanza pale Burslem
Glenys Colclough alinipa kisu chembamba kama unyasi,
sifongo, ndoo ya maji ya baridi,
na neno moja tu: fettle.
Akaenda zake kutundika koti.

Mbele yangu, ubaoni, mabirika thelathini na sita,
mabichi, ya kijivu,
kila moja na mshono ubavuni
pale nusu mbili za kalibu zilipokutana zikaachana.

Nilidhani kasema "futa".
Nikafuta.
Nikafuta mshono, na ubavu, na kipande cha mdomo,
birika likabaki limepinda taya
kama mtu aliyetoka kung'olewa gego.
Glenys akalitazama, akalitupa kwenye pipa la tope.
"Taratibu, Kasi."

Kasi ndiye mimi. Mwanamkasi lilimshinda,
akakata kipande alichoweza kukimeza,
na mimi, mzito kuliko wote mezani,
nikaitwa Kasi.

Kamusi niliyotoka nayo Tanga haikulijua neno lile.
Iliruka kutoka pingu hadi uhasama
kama mtu avukaye dimbwi.

Nalo lilikuwa kila mahali.
Mnyororo wa baiskeli ya Clement umekwama:
ataifetli Jumamosi.
Jiko limeota masizi: lifetliwe.
Hata yule mzee wa tanuri, ukimuuliza hali,
hasemi mzima wala mgonjwa,
husema lilelile, na kichwa akakitikisa upande.
Nikaanza kulinyambua kimyakimya kwenye basi:
fetlia, fetliana, fetlika.
Likakubali.

Maktaba ya Hanley, mvua ya Novemba,
nikalikuta kwenye kamusi nzito kama tofali.
Maana zake zilishuka ngazi:
kulainisha udongo kabla ya moto,
kukarabati,
kupanga,
kujiweka tayari,
na chini kabisa, zaidi ya miaka elfu chini,
halikuwa kitenzi. Lilikuwa kitu.
Mshipi. Ukanda wa mtu kiunoni.

Nikacheka peke yangu, mkutubi akainua miwani.
Kumbe kibwebwe!

Mama alijifunga khanga kiunoni
kabla ya kuinua gunia,
kabla ya ngoma,
kabla ya kwenda kugombana na Mwanatumu wa uchochoro wa pili,
fundo lilelile,
na sisi watoto tulilisoma lile fundo
tukajua wakati wa kupisha njia.

Jumatatu nikamweleza Glenys.
Mshipi, nikasema, wa hapa, na mkono nikauweka.
"Mm," akasema. "Kikombe changu umekiweka wapi?"
Kikombe chake kina mshikio uliokwenda upogo,
kilikataliwa na mkaguzi tangu mwaka ule mumewe alipofariki.
Mfinyanzi hulia gaeni, na huku pia.

Ila siku ya pili, bila kunitazama:
"Kwenu mnasemaje kuhusu udongo?"
Nikamwambia: udongo uwahi ungali maji.
Akaupitisha mgongo wa kisu juu ya mshono,
unga ukamwagika mwembamba kama poda ya mtoto.
"Naam. Ukishatoka motoni
hurekebishi tena. Unavunja."

Februari vidole vyake vikaanza kugoma.
Miaka thelathini na mmoja ya ndoo za baridi
ilikuwa imekaa kwenye vifundo.
Nikamwona karibu na mlango, mikono nyuma,
akizitafuta kamba za aproni,
mara moja, mara ya pili,
kamba inaponyoka, anaanza upya,
na meza nzima imeinamisha macho kwenye mabirika
maana wanawake wa pale hawakutazami ukishindwa.

Nikaenda nyuma yake. Sikuomba ruhusa.
Nikazizungusha kamba mbele, nikazirudisha nyuma,
nikafunga fundo ambalo sikufundishwa Burslem.

"Usikaze sana," akasema.
Nikakaza kidogo zaidi.

Akachukua kisu.